Unanunua Betri Kwanza: Jinsi ya Kuchagua Mashine Zisizo na Waya kwa Kazi za Vani na Nyumbani

Mtu anayetaka kugeuza vani tupu iwe na kitanda, kabati na jiko, au anayeamua kufunga rafu zake mwenyewe badala ya kumwita fundi, huanza kwa kuuliza: "Ninunue drili gani?" Drili si kitu kigumu kuchagua. Kigumu ni kile kilichochomekwa chini ya mpini wake. Betri unayoondoka nayo dukani leo ina umbo lake na chaja yake, na kwa kawaida haitaingia kwenye mashine ya kampuni nyingine. Mwakani ukihitaji msumeno, betri hiyo ndiyo itakayokuchagulia. Kwa hiyo tutaanza na kazi, tupite kwenye betri, na mashine zenyewe zitasubiri zamu yake.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi, usiorodheshe mashine

Chukua karatasi uandike kazi zote unazozitarajia kwa mwaka mmoja ujao. Mbele ya kila kazi andika unakata au unatoboa nini (mbao, bati, tofali, zege), unene wake, na mahali penyewe pakoje. "Kutoboa bati la milimita 1 nyuma ya nguzo ya mlango, mkono hauingii vizuri" ni maelezo yanayosaidia. "Nataka drili yenye nguvu" hayasaidii, na muuzaji ataipenda sana sentensi hiyo.

Ukimaliza utaona kwamba sehemu kubwa ya orodha ni kutoboa na kufunga skrubu, iwe ni ya vani au ya nyumba. Utaona pia kwamba vani na nyumba zinavutana. Vani ni bati jembamba, plaiwudi ya milimita 9 hadi 18, nafasi finyu, na saa nyingi za kuinama au kunyoosha mikono juu ya kichwa. Inataka mashine fupi na nyepesi. Nyumba ina kuta. Kama kuta zako ni za tofali, mashine ndogo itajikongoja ikafika. Kama ni zege lenye nondo ndani, haitafika, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kulipa.

Kisha weka alama kwenye kazi za mara moja tu: kupasua zege, kukata vigae vya bafu zima, kuranda mlango mmoja. Mashine za kazi hizo azima au ukodi. Pesa zielekee kwenye kazi zinazojirudia.

Hatua ya 2: Soma namba za betri bila kudanganyika

Karibu mashine zote za kisasa zinatumia betri za lithiamu. Ndani ya boksi la plastiki kuna seli za mviringo, kila moja ikiwa na volti 3.6 za kawaida. Seli 5 zikipangwa mfululizo zinatoa volti 18. Seli hizohizo zikiwa zimetoka kwenye chaja zimejaa, kila moja husoma volti 4 au zaidi kidogo, na hapo ndipo inapozaliwa ile "20V Max" inayoandikwa kwa herufi kubwa. Hakuna nguvu ya ziada hapo. DeWalt, kwa mfano, huuza betri zilezile kama 20V Max Marekani na kama 18V Ulaya. Vivyo hivyo "12V Max" ni seli 3, yaani volti 10.8.

Namba ya pili ni ampea-saa, Ah. Zidisha volti kwa Ah upate wati-saa, Wh, ambayo ndiyo akiba halisi ya nishati. Betri ya volti 18 na Ah 2 ina Wh 36. Ya volti 18 na Ah 5 ina Wh 90. Ya volti 10.8 na Ah 2 ina chini ya Wh 22. Ukitaka kulinganisha betri mbili za kampuni tofauti, linganisha Wh. Mengine ni mapambo ya boksi.

Kuna jambo ambalo boksi halisemi. Betri ya Ah 2 kwa kawaida ina safu moja ya seli 5, na ile ya Ah 4 au 5 huwa na safu mbili, seli 10. Mashine inayovuta umeme mwingi, kama msumeno au grenda (mashine ya kukata na kusaga kwa diski inayozunguka), inagawa mzigo wake kwa safu mbili, na kila seli inapumua. Ukiifunga betri nyembamba ya safu moja kwenye grenda, itafanya kazi, lakini itapata joto haraka na mashine itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Watu wengi hulaumu mashine kumbe kosa ni la betri. Siku hizi kuna betri za safu moja zenye seli nene, milimita 21 kwa 70 badala ya zile za 18 kwa 65, na hizo hustahimili mzigo vizuri zaidi. Muuzaji anayejua kazi yake ataweza kukuambia zilizomo ni zipi.

Kwa vani na nyumba, chaguo langu ni volti 18. Volti 12 zinatosha kabisa kwa mtu anayeunganisha samani, kufunga mapazia na kutoboa mbao; mashine zake ni nyepesi mno na zinaingia kabatini bila kugombana na kuta. Lakini mara grenda, msumeno wa duara au mashine ya kunyonya vumbi zinapoingia kwenye orodha, volti 12 zitakuangusha. Volti 36 na 54 ni za watu wanaokata miti na kupasua barabara. Uzito wake utauhisi begani kabla ya mchana ukiwa unafunga dari ya vani.

Nunua betri mbili za wastani, za Ah 4 au 5, kabla ya kufikiria moja kubwa. Moja ikiwa kazini, nyingine iko kwenye chaja. Ukipata nafasi ongeza ndogo ya Ah 2 kwa ajili ya kazi za juu ya kichwa, maana tofauti ya karibu robo kilo kwenye mkono ulionyooshwa si ndogo. Na kama unasafiri kwa ndege na vifaa vyako, jua kwamba betri hadi Wh 100 kwa kawaida huruhusiwa kwenye mzigo wa mkononi, na kuanzia hapo hadi Wh 160 utahitaji idhini ya shirika la ndege. Betri ya Ah 5 inapita. Ya Ah 6, yenye Wh 108, italeta mazungumzo.

Hatua ya 3: Chagua familia, kisha usihame

Familia ni mkusanyiko wa mashine zinazotumia betri moja. Makita wana LXT, Milwaukee wana M18, Ryobi wana ONE+, Einhell wana Power X-Change, Bosch wana mbili: ya buluu kwa mafundi na ya kijani kwa nyumbani, na betri za volti 18 za pande hizo mbili haziingiliani ingawa jina kwenye boksi ni lilelile. Hilo la Bosch limewashika wengi. Zipo pia familia za ushirika: Metabo walianzisha mpango wa CAS mwaka 2018 ambapo kampuni kadhaa zinatumia betri moja, na Bosch wana AMPShare kwa upande wa buluu.

Jiulize mambo manne kuhusu familia.

Je, ina mashine zote zilizo kwenye karatasi yako? Usiangalie drili, kila familia ina drili nzuri. Angalia ile mashine ya ajabu uliyoiandika mwishoni: mashine ya kubana nati za ribiti (zile zinazobanwa kwenye tundu la bati ili bolti ipate pa kushika), bunduki ya silikoni, pampu ya matairi, feni, taa. Kwenye vani vitu hivi vidogo vina thamani kubwa. Betri ileile inayoendesha drili mchana inaweza kuendesha feni usiku, na ukiwa na adapta ya USB inachaji simu.

Je, umbo la betri limedumu? Ryobi wametunza umbo la ONE+ tangu 1996, kwa hiyo betri ya leo inaingia kwenye mashine ya miaka mingi iliyopita. Familia mpya yenye bei ya kuvutia inaweza kufutwa, na ikifutwa utabaki na mashine nzima zisizo na betri.

Je, betri, chaja na vipuri vinapatikana karibu nawe? Betri bora isiyouzwa mahali ulipo haina faida.

Je, jirani, ndugu au rafiki unayeazimana naye vifaa ana familia gani? Swali hili linadharauliwa. Watu wawili wenye betri za aina moja wana stoo mbili za mashine.

Kuhusu "ya fundi" na "ya nyumbani": mtu anayejenga vani moja na kutunza nyumba moja hahitaji mashine ya kufanya kazi saa nane kila siku. Familia ya kati inatosha. Pale ambapo ningeongeza pesa bila kusita ni kwenye mota. Mota ya kizamani ina kaboni zinazosugua, zinazochakaa na kupoteza nguvu kama joto. Mota isiyo na kaboni hudumisha betri kwa muda mrefu zaidi, ni fupi, na haitoi cheche ndani. Kwa drili ya kutumika mara mbili kwa mwaka haijalishi. Kwa grenda na msumeno wa duara inajalisha sana.

Hatua ya 4: Nunua mashine kwa mpangilio huu

Drili ndiyo ya kwanza. Tafuta yenye gia mbili: ya taratibu, takriban mizunguko 500 kwa dakika, kwa skrubu na mashimo makubwa, na ya kasi, karibu 1,800 au 2,000, kwa mashimo madogo. Iwe na klachi yenye namba, ili iache kusukuma skrubu inapofika bila kuizamisha kwenye plaiwudi. Kichwa cha kubania biti kiwe cha milimita 13 kama utatumia biti nene. Nguvu ya kuzungusha hupimwa kwa nyutoni-mita, Nm. 50 hadi 60 zinatosha kazi zote za nyumbani. Namba za juu zaidi zina gharama yake: biti kubwa ikikwama ghafla kwenye bati, drili yenye nguvu inageuza kifundo cha mkono wako badala ya biti. Urefu wa mashine kutoka mgongoni hadi mdomoni una maana zaidi kwenye vani kuliko hizo Nm. Pima.

Kama una kuta za tofali, chukua ile yenye kitufe cha nyundo. Ila elewa inavyofanya kazi: ni diski mbili zenye meno zinazorukana, na nguvu ya kugonga inatoka kwenye bega lako unaposukuma. Kwa zege unahitaji nyundo ya umeme yenye biti za SDS-Plus (shina lake lina mifereji ya kushikia), ambayo ina pistoni inayogonga yenyewe. Shimo ambalo drili ya nyundo inahangaika nalo kwa dakika kadhaa, hiyo inalimaliza kwa sekunde. Kama mashimo ya zege kwenye orodha yako yanahesabika kwa vidole, kodi.

Ya pili ni impakti, ile bisibisi fupi inayogonga kwa kuzunguka. Inakaa vizuri kwenye kiganja, inatoa Nm 150 na zaidi, na haikupindi mkono kwa sababu nguvu inatoka kwa mapigo mafupi mafupi. Kwa skrubu ndefu na bolti za kushikilia kitanda cha vani hakuna kinachoishinda. Ubaya wake ni kwamba haina klachi ya kweli: inakata vichwa vya skrubu ndogo na kuchana nyuzi za nati zilizobanwa kwenye bati jembamba. Na ina kelele inayovuka desibeli 90, ambayo ndani ya boksi la chuma ni adhabu. Viziba masikio ni lazima. Inapokea biti zenye shina la pembe sita la milimita 6.35 pekee, na ziwe zimeandikwa kuwa ni za impakti. Za kawaida huvunjika.

Ukiwa na drili na impakti kwa pamoja, moja inatoboa na nyingine inafunga, na huna haja ya kubadilisha biti kila dakika. Ndiyo maana pakiti ya mashine hizo mbili na betri mbili mara nyingi ndiyo ununuzi bora wa kuanzia. Pakiti za mashine sita au saba ziogope kidogo. Ndani yake kuna mashine tatu utakazozitumia na nyingine za kujaza begi, na betri zake mara nyingi ni ndogo.

Ya tatu, kwa mtu wa vani, ni jigso, msumeno wa blade nyembamba inayopanda na kushuka. Hapa sikubaliani na wanaoanza na msumeno wa duara. Ukuta wa vani umepinda kila mahali, na kila kipande cha plaiwudi kitahitaji kufuata mkunjo huo. Jigso inafuata mchoro wa penseli, inakata matundu ya soketi na sinki, na ukibadilisha blade inakata bati. Tafuta inayobadilisha blade bila ufunguo, yenye mpangilio wa kuzima mwendo wa kuyumba wa blade mbele na nyuma, na taa. Kwenye mbao, uso mzuri uutazamishe chini, kwa sababu meno mengi ya jigso hukata yakipanda.

Kwa kuwa kukata shimo la feni au dirisha ndiyo kazi inayowatetemesha wengi, nitaieleza kwa kirefu. Kwanza ingia chini na ndani ya vani uangalie kuna nini upande wa pili: nyaya, mabomba ya breki, tangi la mafuta, mifuko ya hewa ya pembeni. Chora kutoka ndani ambako unaona mihimili, kisha toboa pembe kwa biti ya milimita 10 ili blade iingie. Bandika mkanda wa karatasi kwenye rangi ili kitako cha jigso kisiikwaruze. Tumia blade ya chuma yenye meno madogo, nafasi ya milimita 1 hivi au chini yake, zima mwendo wa kuyumba, na usikimbize. Funika eneo lote linalozunguka, kwa sababu unga wa chuma ulio moto hujibandika kwenye rangi na baada ya mvua moja unakuwa nukta za kutu. Karibu na mwisho wa mkato shikilia kipande kwa mkanda ili kisianguke na kukunja bati. Ukimaliza sugua kingo kwa tupa, nyonya unga wote, paka praima ya kuzuia kutu, iache ikauke, ndipo uweke silikoni. Anayeruka praima atapata uvujaji wa maji na kutu pamoja.

Kwa mashimo ya nati za ribiti tumia drili kwa kasi ndogo na biti ya ngazi, ile iliyochongwa kwa vidaraja vinavyozidi kupanuka. Nati ya M6 kwa kawaida hutaka tundu la karibu milimita 9. Soma pakiti kabla hujatoboa, kwa sababu tundu likizidi kidogo nati itazunguka bure na hutaitoa kwa urahisi.

Msumeno wa duara unafuata, na kwa mtu wa nyumba unaweza kutangulia jigso. Wenye blade ya milimita 165 unatosha: unakata unene wa takriban milimita 55, ambao unameza mbao nyingi za kawaida. Kwa plaiwudi tafuta blade yenye meno 40 au zaidi. Funga ubao ulionyooka kwa klempu uwe reli, na mkato wako utanyooka kuliko wa mtu mwenye msumeno ghali anayekata kwa macho.

Mashine ya blade inayotetema ni ile inayochezesha blade ndogo kushoto na kulia kwa haraka. Ina kelele, ni ya polepole, na hakuna inayoweza kuingia inakoingia yenyewe: kukata fremu ya mlango iliyokwisha kufungwa, kutoa silikoni ya zamani, kupunguza ubao ulio ukutani tayari. Blade zake humalizika haraka na si za bei rahisi. Usiinunue mapema, siku utakapoihitaji utajua bila kuambiwa.

Grenda nimeiweka mwisho kwa sababu mbili. Inavuta wati 700 na zaidi ikiwa na mzigo, kwa hiyo betri ya Wh 90 inaweza kuisha ndani ya dakika kumi za kukata mfululizo. Na ni mashine hatari kuliko zote zilizotajwa hapa. Chagua ya milimita 115 au 125 yenye breki, yenye swichi inayozima ukiiachia, na inayokataa kujiwasha ukibadilisha betri swichi ikiwa imewashwa. Kasi iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya kasi ya mashine. Kinga ya chuma isitolewe, hata kama diski haifiki pembeni. Geuza kinga, au badilisha mashine. Cheche zake hujichimba kwenye vioo vya gari na kuacha madoa yasiyofutika, na zinawasha sponji na sufi za kuzuia joto. Ndani ya vani ambayo tayari imewekewa sponji, tumia jigso.

Hatua ya 5: Amua zipi zibaki na waya

Uhuru wa kutokuwa na waya una thamani mahali ambapo waya ungesumbua. Mashine inayokaa sehemu moja kwa saa nyingi haihitaji uhuru huo. Mashine ya msasa ni mfano mzuri: kusugua mlango mmoja kunaweza kumaliza betri kadhaa, wakati ile ya waya inaendelea bila kuuliza, na inaunganishwa kwenye mashine ya kunyonya vumbi ambayo nayo ina waya. Randa, msumeno wa mezani, bunduki ya hewa ya moto na mashine kubwa ya kunyonya vumbi ziko kundi hili. Kama una soketi karibu, za waya ni za bei nafuu zaidi na zina nguvu zaidi kwa pesa ileile.

Kwa anayejenga vani mahali pasipo umeme hesabu inabadilika. Hata hivyo mara nyingi ni nafuu kukusanya kazi zote za msasa na kuzipeleka kwenye umeme siku moja.

Hatua ya 6: Panga namna ya kuchaji

Nyumbani hili halina maneno mengi. Kwenye vani lina.

Baadhi ya familia zina chaja inayotumia soketi ya gari ya volti 12. Kama familia yako inayo, imalizie hapo. Kama haina, utatumia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi ya nyumbani, na ichague ya mawimbi safi, kwa kuwa zile za mawimbi ya ngazi huzichosha chaja nyingine. Ya wati 300 inatosha kwa chaja ya kawaida. Inveta na chaja kwa pamoja hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya umeme. Kwa hiyo betri ya lithiamu ya vani yenye volti 12.8 na Ah 100, ambayo ina Wh 1,280, itajaza betri za Wh 90 kama kumi na moja ikiwa haitumiki kwa kitu kingine. Betri ya asidi ya Ah 100 itajaza tano hivi, maana si vizuri kuishusha chini ya nusu.

Usichaji chini ya nyuzi sifuri. Lithiamu hujipaka ndani ya seli badala ya kuingia mahali pake, na madhara hayarudi nyuma. Usichaji betri iliyotoka kwenye grenda ikiwa moto, iache ipoe. Na usiziache kwenye dashibodi, kwa sababu gari lililofungwa juani huvuka nyuzi 50 bila shida. Kwa kuzihifadhi miezi kadhaa ziache na nusu ya chaji, zikiwa zimetolewa kwenye mashine. Ule ushauri wa kumaliza chaji yote kabla ya kuchaji tena ulitokana na betri za nikeli, zilizoendesha drili zisizo na waya tangu Black & Decker walipoitoa ya kwanza mwaka 1961. Kwa lithiamu ushauri huo unadhuru.

Hatua ya 7: Kagua kabla ya kulipa

Ishike mashine ikiwa na betri utakayoitumia. Wauzaji hupenda kuonyesha drili tupu au yenye betri ndogo, na uzito unaouhisi dukani sio utakaoubeba. Inyooshe juu ya kichwa kwa muda kidogo. Gusa vitufe vyote ukiwa umevaa glovu. Zungusha kichwa cha biti taratibu uangalie kama biti inayumba.

Soma boksi: mashine nyingi huuzwa tupu, bila betri wala chaja, na bei yake inayopendeza inatokana na hilo. Chaja inayokuja kwenye pakiti nayo iangalie. Kuna zinazojaza betri ya Ah 5 kwa chini ya saa moja na kuna zinazotumia saa nne, na mara nyingi kwenye pakiti huwekwa za pili.

Betri bandia zimejaa sokoni, hasa za majina makubwa. Kipimo rahisi ni mzani. Seli moja ya kawaida ina uzito wa gramu 45 hivi na zaidi, kwa hiyo seli 10 peke yake zinakaribia nusu kilo kabla ya plastiki. Betri nene iliyoandikwa Ah 6 au 9 lakini nyepesi kama ya Ah 2 ina nafasi tupu ndani. Ukilinganisha na betri halisi iliyo kwenye kabati la duka, utapata jibu kabla ya kufungua pochi.

Ukifika nyumbani, andika tarehe kwenye kila betri kwa kalamu isiyofutika na uhifadhi risiti. Jaza betri zote mbili, chukua kipande cha mbao nene na biti ya milimita 20 au zaidi, utoboe mashimo hadi betri ya kwanza iishe, kisha ya pili, kwa biti ileile na kasi ileile, ukizipumzisha zikipata moto. Hesabu mashimo. Zikipishana kwa mashimo machache hakuna tatizo. Moja ikikata njiani huku nyingine inaendelea kwa muda mrefu, irudishe dukani wiki hiyohiyo, muda wa kurudisha ukiwa bado upo.